Daftari la Baba na Klachi Iliyoteleza

Siku pikipiki ya Baba iliposhindwa mlima, Baba mwenyewe alikuwa amekaa nyuma yangu. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Aprili, katikati ya masika, nami nilikuwa namrudisha Mgeta baada ya kliniki yake ya presha mjini Morogoro. Tuliacha barabara ya Iringa pale Sangasanga tukaanza kuipanda Uluguru. Kona ya tatu au ya nne nikaongeza mafuta. Injini ikapiga resi kana kwamba iko hewani, lakini tairi la nyuma halina habari. Mlio ulipanda, mwendo ukashuka. Nikapunguza gia, ikavuta kidogo, kisha ikarudia yale yale. Harufu ya kitu kilichoungua ikatupata.

Baba akanigusa begani. "Simama, mama. Acha nishuke."

Alikuwa na miaka 71. Kipande kile alikipanda kwa miguu, ameshika bahasha ya dawa, nami namfuata taratibu na pikipiki isiyo na mtu nyuma ambayo hata hivyo ilikuwa inasuasua. Vijana wa bodaboda walitupita wakishuka na magunia ya kabichi, wakapiga honi kwa heshima. Tulipofika pa tambarare Baba akakaa juu ya jiwe, akahema, akasema, "Injini imekwisha hiyo. Tumpe mtu wa vyuma chakavu."

Sikumjibu. Pikipiki ile, Honda CG125, aliiendesha tangu alipokuwa bwana shamba wa serikali, akaja kuinunua ilipouzwa kama mali chakavu ya ofisi. Alipostaafu akanipa mimi. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akisema injini imekwisha. Siku ile, rohoni, nilikubaliana naye, tena nikamtupia lawama: mzee ameitumikisha pikipiki miaka zaidi ya ishirini, sasa ameniachia gofu.

Fundi wangu yuko jirani na stendi ya Msamvu. Nilimweleza kwamba injini imekufa. Akaniuliza, "Inawaka?" Nikasema inawaka. "Inatoa moshi?" Hapana. "Sasa imekufaje, dada? Injini iliyokufa haipigi resi. Hii inafanya kazi, ila kazi yake haifiki kwenye tairi. Ipo njiani inapotea."

Kati ya injini na gia ndipo ilipo klachi. Ndani yake mna pleti za aina mbili zilizopangwa kwa kupishana, moja ya chuma tupu, moja yenye vipande vya msuguano, kama mkate na siagi. Za aina moja zinazungushwa na injini, za aina nyingine zinazungusha gia. Springi zinazibana pamoja ili zizunguke kama kitu kimoja. Ukivuta mkono wa klachi, springi zinaachia, na injini inazunguka peke yake. Ukiuachia polepole, pleti zinasuguana kidogo kidogo hadi zishikane. Kila unapoondoka, kila unapobadili gia, zinaliwa unywele mmoja. Ndiyo kazi yake. Klachi iliwekwa pale iumie yenyewe ili injini na gia zisiumie.

Pikipiki za kwanza hazikuwa na kitu hicho. Mwaka 1894 kampuni ya Hildebrand & Wolfmüller ya Munich ilianza kuuza pikipiki ambayo vyuma vya pistoni viliunganishwa moja kwa moja na gurudumu la nyuma, kama garimoshi. Mwendeshaji aliisukuma huku akikimbia hadi iwake, kisha akarukia juu. Akisimama, na injini imezimika. Kwa miaka mingi iliyofuata pikipiki nyingi ziliendeshwa kwa mkanda wa ngozi uliotoka kwenye injini hadi kwenye gurudumu, na kwenye mlima mkanda uliteleza, mtu akashuka akasukuma. Klachi na gia zilienea kwa sababu ya vilima na vituo: mashine ilihitaji namna ya kusimama bila kuzimika na kuondoka bila kusukumwa.

Tatizo likawa msuguano uletwe na kitu gani. Klachi nyingi za zamani za Waingereza zilipachikwa vipande vya gome laini la mwaloni, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo. Gome hilo linashika hata likilowa oili. Pembeni ya hadithi hiyo yupo Herbert Frood, aliyeanza kutengeneza breki huko Derbyshire mwaka 1897. Husimuliwa kwamba wazo alilipata kwa waendesha mikokoteni ya farasi, ambao wakishuka milima walipigilia soli za viatu vikuukuu kwenye vipande vya mbao vya breki. Kampuni yake, Ferodo, na wenzake waliofuata, walikuja kutumia asbesto, ambayo ilistahimili joto kuliko kitu chochote cha wakati ule, na ambayo baadaye ilithibitika kuwapa saratani waliovuta vumbi lake. Hata kwenye historia ya klachi, mtu hakosi kulipa.

Fundi hakukimbilia spana. Kwanza alishika mkono wa klachi, akaupima ulegevu wake kwa kidole. Waya wa klachi unatakiwa uwe na ulegevu wa sentimita moja hadi mbili kwenye ncha ya mkono kabla haujaanza kuvuta. Ukiwa umekaza kabisa, ni kama mtu anaishika klachi muda wote, na pleti hazibanwi sawasawa. Wangu ulikuwa sawa. "Watu wengi wanafungua injini wakati shida ni waya," alisema. "Anza na cha bei ndogo."

Kisha akaipanda, akaenda nayo kwenye barabara tambarare. Akaweka gia ya juu kabisa kwenye mwendo mdogo, akafungua mafuta yote. Klachi nzima ingeifanya injini ilalamike na kuvuta kwa shida, maana gia ile ni nzito kwa mwendo ule. Yetu haikulalamika. Ilipanda resi papo hapo, nyepesi, kama mtu anayecheka peke yake.

Aliporudi akafungua kifuniko cha oili, akachovya kidole, akasugua na dole gumba. "Umeweka oili gani?"

Nikamjibu kwa kujivuna kidogo. Nilikuwa nimenunua oili ya gari, ile ya bei ghali, ya magari mapya. Nilidhani naitunza.

Akanyamaza kwanza. Halafu akanieleza jambo ambalo baadaye nililisoma mwenyewe. Kwenye magari mengi ya gia za mkono klachi hukaa pakavu, mbali na oili ya injini. Kwenye pikipiki kama ile, klachi inaogelea humo humo ndani ya oili ya injini. Watengenezaji wa magari walipoanza kusaka namna ya kupunguza ulaji wa mafuta, oili za magari ziliongezwa kemikali za kuondoa msuguano. Kwa gari ni neema. Kwa klachi ya pikipiki ni sawa na kupaka sabuni kwenye kamba ya kisima. Ndiyo maana mwaka 1998 Wajapani waliweka kiwango chao cha oili za pikipiki, na alama ya JASO MA kwenye kopo ni ahadi kwamba oili hiyo haitaifanya klachi iteleze.

Tulimwaga oili, tukaweka ya pikipiki, takriban lita moja. Wiki nzima nilitembea nayo mjini nikiomba iwe imepona. Kwenye tambarare ilitulia. Nilipompakia mwenzangu wa kazini tukapanda kilima kidogo, ikateleza tena. Fundi akasema pleti zimeshaungua, oili peke yake haitazirudisha. "Nenda Kariakoo," alisema. "Hapa zipo, ila za kule utachagua."

Nilikuwa na safari ya Dar es Salaam wiki ile. Kariakoo na jirani yake Gerezani ndiko spea za nchi nzima hupitia, na ukisema "pleti za CG" hakuna anayekuuliza CG ni nini. Nilipokuwa nasubiri muuzaji ashushe boksi kutoka juu ya kabati, niliwaza jina la mahali nilipokuwa nimesimama. Tunalitamka kila siku. Limetokana na maneno Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwezi wa Septemba 1916, hapo ndipo wapagazi wa jeshi lao walipowekwa kambi.

Mwalimu wangu wa sekondari aliwahi kutufundisha vita hiyo kwa majina ya majenerali: Smuts huku, Lettow-Vorbeck kule. Hakutuambia kwamba ilipita nyumbani kwetu. Jeshi la Smuts liliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na Wajerumani wakarudi nyuma kuizunguka Uluguru kuelekea Kisaki. Kuanzia Septemba ile hadi Januari 1917 majeshi mawili yalikaa yakitazamana kwenye Mto Mgeta, mto uleule unaoanzia juu kwetu na kushuka hadi mabondeni.

Jeshi lile lilikuja na mashine. Lilikuwa na malori na magari ya deraya, na Afrika Kusini ilileta hata kikosi cha wapanda pikipiki. Huko Ulaya mwaka uliotangulia Triumph ilikuwa imetoa Model H, yenye klachi na gia tatu, na Uingereza ilinunua maelfu kwa maelfu kwa ajili ya vita. Lakini kwenye mabonde ya Uluguru mvua iligeuza njia kuwa tope, malori yakazama. Farasi na nyumbu waliuawa na ugonjwa wa mbung'o. Mashine ziliposhindwa, mzigo ukapanda kichwani mwa mtu. Waingereza waliandikisha wapagazi karibu milioni moja kwa ajili ya vita ya Afrika Mashariki, wengi wao kwa nguvu. Zaidi ya 90,000 walikufa, wengi kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu kuliko kwa risasi.

Pale Posta, mwendo mfupi kutoka Kariakoo, ipo Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi. Lakini anayeonekana ni askari mmoja mwenye bunduki. Na majina yao? Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, na huenda idadi ikafika 350,000. Ikaomba radhi. Miaka mia moja na ushei imepita.

Muuzaji akaniwekea boksi mbili mezani, ya bei ndogo na ya bei kubwa. Nikachukua ya bei kubwa, na springi zake.

Tulifungua Jumamosi iliyofuata. Fundi alimwaga oili, akalegeza waya, akatoa kiki na kava la kulia taratibu ili gasketi isichanike, ingawa mpya tulikuwa nayo. Mbele ya klachi kulikuwa na kikombe kidogo cha chuma. "Hiki ndicho chujio," alisema. Hakina karatasi wala waya wa kuchuja. Kinazunguka na injini, na uchafu unarushwa pembeni na kuganda ukutani mwake. Akakifungua, akakwangua kwa bisibisi tope jeusi lililokuwa zito kama ugali wa muhogo.

Chujio lile linaeleza CG yote. Honda walipoitoa mwaka 1976 hawakuikusudia kwa mtu anayekwenda gereji kila baada ya miezi mitatu. Pikipiki zao nyingine za wakati ule zilikuwa na injini nzuri zilizodai oili safi na marekebisho ya mara kwa mara. Kwenye nchi kama zetu zilibebeshwa kupita kiasi, zikakosa oili, zikafa. Kwa hiyo CG ikapewa injini ya mtindo wa zamani, inayofungua valvu kwa fimbo ndefu, ambayo fundi anaweza kuifungua chini ya mwembe. Ikaendelea kutengenezwa Brazil na Pakistan, na Wachina wakainakili kwa wingi usiohesabika. Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, na Tanzania ilipoweka kanuni za kuruhusu bodaboda na bajaji kubeba abiria mwaka 2010, nakala hizo zilikuwa tayari bandarini. Jina la bodaboda lilianza kwa baiskeli zilizowavusha watu mpakani mwa Kenya na Uganda. Likapanda juu ya injini ile na kuenea kila kijiji.

Fundi alitoa bolti nne za springi, kisha akafikia nati ya duara yenye mipasuo minne. Yake ilikuwa imejaa makovu ya patasi na nyundo. Yeye alitoa kipande cha bomba la maji alichokichonga meno manne kwa tupa, kikaingia kwenye nati kama ufunguo. Ikafunguka bila ugomvi.

Pleti zikatoka moja moja. Nilipima mpya kwa kalipa, karibu milimita 3. Ya zamani ilikuwa 2.5 na kidogo. Nusu milimita kwa kila pleti, tena pleti zote zikiwa zimekwisha, ndiyo ilimshusha Baba kwenye pikipiki. Springi za zamani, zikisimamishwa kando ya mpya, zilikuwa fupi, zimechoka kusukuma. Bakuli linaloshika pleti lilikuwa na vijimashimo pale masikio ya pleti yanapogonga. Fundi aliyasawazisha kwa tupa polepole ili pleti mpya ziweze kuteleza vizuri zinapoachia.

Halafu akachukua pleti ya chuma, akaielekeza kwenye mwanga. Ilikuwa na madoa ya bluu, kama mafuta yaelea juu ya maji. "Hii bluu ni joto," alisema. "Kuliwa taratibu hakuleti bluu. Hizi zimeliwa na miaka, lakini zimeunguzwa juzijuzi. Mzee alikuachia klachi nzee. Aliyeiunguza ni oili yako na mkono wako. Unaendesha vidole vikiwa juu ya klachi, nimekuona."

Nilisikia aibu hadi masikioni. Pleti mpya zilikuwa zimelazwa kwenye oili tangu asubuhi zinywe, maana pleti kavu huungua siku ya kwanza. Tukazipanga zote, springi, nati, kava, waya, oili yenye alama ya MA. Akapiga kiki mara mbili.

Jumapili nilipanda Mgeta peke yangu. Pale kwenye jiwe la Baba nilifungua mafuta, na pikipiki ikanivuta kama imekumbuka njia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umeleta ya nani hiyo?"

"Ni ileile."

Aliizunguka mara mbili, akaingia ndani, akarudi na daftari gumu la mgongo mwekundu. Nilikuwa sijawahi kuliona. Alipokuwa kazini alitakiwa kutolea maelezo petroli ya serikali, na baada ya kuinunua pikipiki hakuacha kuandika. Kurasa zilikuwa na safu za mwandiko wake ulioinama: tarehe, kilomita, oili, kazi. *Oili.* *Waya wa klachi.* *Mbuzi wawili, Nyandira*, wale mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway walioletwa na Chuo Kikuu cha Sokoine. *Mbegu, magunia mawili.* *Mama mjamzito, kituo cha afya, usiku.* *Mgonjwa.* *Mgonjwa.* *Maiti ya mtoto.* Mwaka 1994, *klachi mpya*. Mwaka 2006, *klachi mpya*. Oili kila mwezi, haikuruka hata mwezi mmoja. Mstari wa mwisho ulikuwa wa wiki aliyonikabidhi.

Nilikuwa nimeamini kwamba mzee aliichosha pikipiki. Kumbe kila kitu ilichokibeba aliandika, na kila alichoandika alikilipia kwa oili. Nilifikiri pia kuhusu wale waliopita bondeni mwa mto huu na mizigo kichwani, ambao jeshi liliandika uzito wa mizigo yao na likashindwa kuandika majina yao.

Baba akanipa kalamu. "Andika."

Nikaandika tarehe. Nikaandika: *Pleti mpya za klachi, springi, gasketi, oili lita 1.* Nikamrudishia. Akavaa miwani, akasoma, akalirudisha kwangu.

"Hujaandika sababu."

Nikashika kalamu kitambo. Kisha nikaongeza: *Oili ya gari. Kosa la mwendeshaji.*

Akalisoma tena, akaweka saini yake pembeni kama alivyokuwa akifanya kwenye ripoti za ofisini, akafunga daftari na kunikabidhi mimi. Halafu akauliza kliniki ni tarehe ngapi.